Kaza Tena Ikipoa

Nilijua kabla hajazima gari.

Nilikuwa nimesimama nje ya duka la dawa karibu na stendi ya Nyeri, begi langu la wiki nzima likiwa miguuni, baridi ya Julai ikinitafuna masikio, nilipoisikia Pijo ikipanda kutoka kona ya chini. Watu wengine walisikia gari. Mimi nilisikia kitu kingine. Injini ya Pijo 404 ya mwaka wa sitini na nane hukoroma kidogo kama mzee aliyeshiba, na ukiipunguzia mafuta hukohoa mara moja kisha hutulia. Kikohozi hicho nilikijua. Nilikihangaikia miaka miwili, Jumamosi baada ya Jumamosi, mpaka kucha zangu zikakataa kutakata na wanafunzi wangu wa kemia wakaanza kunong'onezana. Gari lililosimama mbele yangu siku hiyo halikukohoa. Lilinguruma laini, laini kabisa, kama teksi yoyote ya mjini.

Mwai akashuka, akazunguka kunifungulia mlango. Alikuwa amenyoa. Alikuwa amevaa lile shati la samawati ninalolipenda, na alinitazama kwa yale macho yake ya usingizi yaliyoniponza tangu mwanzo. Wiki nzima nilikuwa Nanyuki na wasichana wa shule kwenye tamasha la muziki, na kila nilipofumba macho niliyaona hayo. Nilitaka kumkumbatia pale pale mbele ya wauza ndizi.

Badala yake nikasema, "Fungua boneti."

"Gaceri. Hata salamu hakuna?"

"Fungua boneti, Mwai."

"Twende nyumbani kwanza. Mathe amepika, anakungoja. Umechoka."

"Sijachoka. Hii si sauti yetu."

Tabasamu likafifia. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akachukua begi langu kama mtu anayetafuta kazi ya kufanya.

"Tuongelee nyumbani," akasema polepole. "Hapa watu wanaangalia."

Nikaingia. Njiani mara mbili alinyoosha mkono kutafuta wangu, na mara mbili nikajifanya natafuta kitu begini.

Lazima nieleze kwa nini sauti ya injini ilitosha kunikosesha raha. Mara ya kwanza nilipompeleka Mwai kwetu Nkubu, upande wa Meru, baba yangu, Mzee Miriti, alimpa chai, akamuuliza habari za mvua ya Nyeri, kisha akamuuliza bila kupepesa jicho, "Ni wewe ulipanda matawi kwa kina Anita huko Karatina?"

Habari haifichiki kwa watu wanaouzunguka mlima mmoja. Miaka sita kabla ya kunijua mimi, watu wa kina Mwai walikwenda kwa msichana mmoja Karatina, wakapeleka mbuzi wa kwanza, wakapanda ithigi, yale matawi ya kuonyesha kwamba binti wa boma hilo amechumbiwa. Kisha hawakurudi tena. Mwai anasema yeye na Anita walikosana. Labda ni kweli. Lakini nimesikia kwamba dada wa watu alikaa mwaka mzima akiambiwa subiri, watakuja, subiri.

Baba hakufoka. Alisema tu, "Kijana, wewe ni mtu wa kuanza. Mimi natafutia binti yangu mtu wa kumaliza."

Nikaona Mwai anavyoinamisha kichwa, nikamwonea huruma, nikaropoka habari za Pijo. Nikamwambia Baba kwamba tuliipata kwenye kiwanda cha kahawa huko Othaya, kuku wakitagia ndani, na kwamba tunaifufua sisi wenyewe, mimi na yeye, kipande kwa kipande. Uso wa Baba ukabadilika. Aliendesha Pijo ya abiria miaka kumi na minne, Meru mpaka Nanyuki mpaka Nyeri, akatulea na hiyo. Akamwongezea Mwai chai, kisha akatoa uamuzi wake.

"Hiyo Pijo ikipanda Timau na injini yake yenyewe, ikuje mpaka kwa mlango yangu, basi leta watu wako. Tutaongea."

Na siku iliyofuata ile niliyochukuliwa stendi, Jumamosi, ndiyo ilikuwa siku ya kupanda Timau, ule mlima wa barabara ya kwenda kwetu. Asali ya mahari ilikuwa tayari, shuka za kumpelekea mama yangu zilikuwa tayari, wajomba wa Mwai walikuwa wameitwa. Kilichokuwa kimebaki ni sisi na gari letu.

Banda la Mwai liko nyuma ya nyumba ya mama yake, huyo anayemwita Mathe, mabati matupu na meza moja ya kazi. Akaliingiza gari, akazima, akafungua boneti bila kunitazama.

Pale palipokuwa na injini yangu palikuwa na injini ya Toyota. Safi, imekalishwa juu ya vyuma vipya vilivyochomelewa, weldi bado inang'aa. Mpira wa rejeta ulikuwa umekunjwa kwa nguvu na kufungwa kwa waya.

"Nani alifanya hii?"

"Gikonyo."

"Gikonyo yule wa kuweka Toyota kwa kila kitu? Huyo ukimwacha na mashine ya kusaga mahindi ataiwekea Toyota."

"Wacha nikueleze."

"Eleza."

Akajifuta mikono kwenye suruali, ingawa mikono yake haikuwa na kitu. Mwai ni mpimaji wa mashamba. Akiwa kazini hukaa na kamba na vigingi siku nzima, hakosei hata shubiri. Sijui huo umakini huuacha wapi akirudi nyumbani.

"Ilichemka," akasema. "Jumapili, kabla ya Kiganjo. Nikaona moshi nyeupe huko nyuma. Gasketi ya hedi ikaenda."

Gasketi ile, ule utando unaoziba kati ya injini na hedi, kifuniko chake cha juu, tuliitafuta miezi saba. Ilitoka kwa mzee mmoja Nakuru aliyekuwa ameitundika ukutani kama picha.

"Ulikaza tena?"

Akashika ule waya wa rejeta, akauachia.

"Mwai, niliandika karatasi. Nikaibandika kwa dashibodi. Washa dakika ishirini. Zima. Ngoja ipoe mpaka kesho. Kaza tena bolti za hedi. Ndio uendeshe. Ni maneno mangapi hayo?"

"Niliwasha. Nikazima. Ikapoa usiku mzima. Nilifanya yote."

"Na kukaza?"

"Nilikuwa nafika hapo."

"Ulikuwa unafika hapo!"

"Jua ilikuwa imetoka, Gaceri. Mlima ulikuwa wazi, theluji yote unaona. Nikasema wacha niende tu mpaka Kiganjo nirudi, nitakaza jioni. Nilitaka nikuchukulie video. Ukiwa huko Nanyuki na hao watoto, uione inatembea, ufurahi."

Hapo nusura nilie, na nilikasirika zaidi kwa sababu hiyo. Angekuwa mtu mbaya ningechukua begi langu na kwenda. Lakini aliharibu kila kitu akinifikiria mimi, na mimi nifanye nini na mtu kama huyo? Nilimpenda, na nilikuwa nimechoka naye, vyote viwili kwa wakati mmoja.

"Kwa nini hukunipigia?"

"Ungesema tuahirishe."

"Ndiyo! Ningesema tuahirishe!"

"Na hawa watu?" Sauti yake ikapanda. "Mathe amekodi basi. Wajomba wanatoka Othaya asubuhi. Mashangazi wamefanya mazoezi ya nyimbo za lango mwezi mzima. Nikisema tuahirishe, unajua watasema nini? Watasema, ona, ni Mwai tena. Ni kama Karatina tu. Ameanza, ameacha."

"Kwa hivyo ukaamua umdanganye baba yangu."

"Boneti ingekuwa imefungwa."

"Baba yangu ataisikia ikiwa bado kwa kona ya kahawa!"

"Ni mzee, Gaceri. Masikio ya mzee..."

"Usiseme mambo ya masikio ya baba yangu."

Nje manyunyu yalikuwa yameanza tena, yale manyunyu ya Nyeri ambayo si mvua na si ukungu, ambayo huanza Julai na kukusahaulisha jua. Nikamuuliza lile swali nililokuwa naliogopa.

"Yangu iko wapi?"

"Huko nyuma. Nimeifunika."

Nikatoka bila mwavuli. Nyuma ya banda walikuwa wamefungwa mbuzi tisa wa kupeleka kwetu, wamekogeshwa, mmoja ana utepe mwekundu shingoni. Kando yao, juu ya magurudumu mawili ya zamani, palikuwa na kitu chini ya turubai. Turubai lilikuwa limeteleza. Au mbuzi walilivuta, sijui. Nusu ya injini ilikuwa nje, hedi imetolewa, matundu manne ya silinda yakitazama mbinguni.

Niliingiza kidole kwenye tundu la kwanza. Kilitoka na rangi ya chai.

Silinda hizo nilizisugua mwenyewe. Vali nane nilizisaga kwa mkono na ile dawa ya kijivu, nikizungusha kijiti viganjani kama mtu anayepekecha moto, mpaka kila moja ikakaa bila kupitisha hata tone la mafuta ya taa. Mwai alikuwa akikaa kwenye ndoo akinisomea kitabu cha maelezo, akinilisha ndizi choma kwa uma ili nisishike chakula na grisi. Siku ya vali ya nane ndiyo aliyoniambia anataka kunioa. Sikumjibu kwa sababu nilikuwa nahesabu mizunguko, naye akangoja mpaka nikamaliza kuhesabu.

"Siku ngapi?" nikauliza.

"Nini?"

"Imenyeshewa siku ngapi?"

"Tangu Jumanne." Alikuwa amesimama nyuma yangu. Sikuhitaji kugeuka kujua uso wake. "Nilifunika, haki. Nilisema nitarudi nizibe hizo matundu na vitambaa, halafu Gikonyo akaniita nishike taa..."

"Ukawa unafika hapo."

"Gaceri, pole."

"Mimi sitaki pole. Ningekuwa nataka mtu wa pole ningeolewa na pasta."

Mama yake akatoka jikoni, chupa ya chai na kikombe mkononi, shuka begani. Mama Watiri ni mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe wa jirani. Hajawahi kunikataa waziwazi. Husema tu kwamba ni ajabu, kusomesha msichana mpaka chuo kikuu halafu alale chini ya gari, na kwamba wasichana wa Tetu pia ni wengi na hawako mbali.

"Ni nini mnapigia kelele kwa mvua? Gaceri, karibu, mbona hujaingia ndani?"

"Asante, Mama. Naangalia injini."

"Si iko ndani ya gari? Nimeisikia ikija, haina shida yoyote. Ile ingine ilikuwa inakohoa kama mtu wa kifua." Akamimina chai kwenye kikombe, akanipa. "Wewe kunywa. Baba yako ataangalia mbuzi, ama ataangalia boneti? Injini ni injini."

"Kwake si injini tu, Mama."

"Basi huyo mzee anatafuta sababu." Alisema kwa upole, na upole huo uliniuma. "Mtu akitaka kukataa mkwe, hata chumvi itakuwa sababu. Sisi tumeenda na heshima, tumeenda na mbuzi. Tumemaliza."

Simu yangu ikalia. Kwenye kioo iliandikwa Baba.

Sote watatu tuliitazama.

"Umefika Nyeri, mwari?" Sauti yake ilikuwa changamfu. Nyuma yake kuku walikuwa wanapiga kelele, na mtu alikuwa anaburuta viti. Walikuwa wanapanga boma kwa ajili yetu.

"Nimefika, Baba."

"Mpatie huyo kijana simu."

Nikambonyezea spika, nikampa Mwai.

"Mzee, habari ya jioni?"

"Njema. Mko tayari?"

"Tuko tayari, Mzee."

"Vizuri. Sasa sikiza. Leo nimekaa hapa nikakumbuka mambo mingi. Hiyo sauti sijasikia tangu niuze yangu. Hata wenzangu walioendesha, karibu wote wameenda." Akacheka kidogo, cheko la aibu ambalo sikuwahi kulisikia kwake. "Washa gari, uweke simu karibu na injini. Nataka nisikie hata dakika moja."

Kama ungekuwa mtihani ningeweza kuvumilia. Lakini Baba hakuwa akimjaribu mtu. Alikuwa na hamu tu, na mimi nilijua hiyo hamu ilivyo.

Mwai akaniangalia. Mama yake akamvuta shati, akanong'ona, "Washa! Kwa simu zote zinalia sawa. Washa, maneno iishe!"

Na ni kweli, kwa simu labda zingelia sawa. Mwai akarudi bandani, nasi nyuma yake. Akakaa kwenye kiti cha dereva, simu imewekwa juu ya dashibodi, kando ya karatasi yangu ambayo bado ilikuwa imebandikwa pale. Akaingiza ufunguo. Akanitazama tena kupitia kioo cha mbele, akitafuta usoni mwangu ruhusa au katazo. Sikumpa chochote. Ilinigharimu, kwa sababu nilitaka sana kesho ifike. Nilitaka kumwona kwenye lango letu, mashangazi zake wakiimba nje na wangu wakiwajibu kutoka ndani. Angewasha, ningenyamaza, na ningekuwa mke wake. Halafu maisha yangu yote ningekuwa nasikiliza injini.

"Kijana?" Baba akaita. "Imekataa?"

Mwai akachomoa ufunguo.

"Mzee, siwezi kuwasha," akasema. "Nikiwasha utasikia Toyota."

Viti vikaacha kuburutwa.

"Injini yenyewe nimeiharibu. Na haikuharibika yenyewe tu, Mzee. Gaceri aliniandikia nikaze tena bolti ikipoa, mimi sikukaza. Halafu nikaogopa kusema. Nikaweka ingine nikufichie."

Mama Watiri akaweka chupa ya chai chini, polepole, kama imekuwa nzito.

"Toyota ni injini nzuri," Baba akasema. Sauti yake ilikuwa imerudi ile ya siku zote. "Lakini mimi sikuuliza Toyota."

"Ndio, Mzee."

"Kesho msikuje."

"Nimesikia, Mzee."

"Nipatie Gaceri."

Nikaichukua simu na kukumbuka kuwa spika iko wazi. Nikaiacha hivyo hivyo.

"Mwari, huyu mtu bado unamtaka?"

Mwai alikuwa ameinamia usukani. Nilitazama shingo yake, pale kinyozi alipomkwaruza kwa ajili yetu.

"Namtaka, Baba. Lakini leo hata kumwona sitaki."

"Hiyo naelewa. Hata mama yako alikuwa na siku kama hizo, nyingi." Akavuta pumzi. "Mwambie mimi sikuweka siku. Nilisema ikipanda na injini yake. Hii Jumamosi mliweka nyinyi."

Akakata.

"Ati msikuje?" Mama Watiri akapata sauti yake. "Na hizi mbuzi? Na basi? Na wajomba, nani atawaambia?" Alinitazama mimi, akamtazama mwanawe, na nadhani aliona kitu, kwa sababu sauti ikapungua. "Mwai, utawapigia mwenyewe. Mmoja mmoja. Mimi simo."

Akawapigia. Alisimama kwenye manyunyu bila koti, kwa sababu huko ndiko mtandao unakoshika, na nilimsikia kila neno. "Hapana, Mama Mdogo, si watu wa Meru. Ni mimi. Hapana, hawajatukataa, ni mimi nilikosea." Mara ya tatu alikohoa, akaendelea. Kwa mjomba wa mwisho alirudia mara nne, kwa sababu mzee huyo hasikii vizuri, na ilibidi apige kelele mpaka majirani wote wakajua kwamba ni yeye, ni yeye, ni yeye.

Sikwenda kumsaidia. Nilipekua kwenye meza ya kazi nikapata chupa ya mafuta ya taa na kitambaa, nikakunja mikono ya sweta langu zuri la safari, nikaanza kusugua silinda ya kwanza. Kutu ilikuwa changa. Ilitoka, lakini polepole, na kila nilipoinua kitambaa nilikuta bado ipo.

Baadaye nikahisi manyunyu yamekoma kunipiga. Mwai alikuwa amevuta turubai, amelifunga kwenye nguzo za banda juu ya kichwa changu, pande zote nne, na vifundo viwiliviwili. Akachuchumaa upande wa pili, shati la samawati limemganda mwilini, akachovya kitambaa kingine kwenye mafuta, akaingiza mkono kwenye silinda ya pili.

Nikampiga kofi mkononi.

"Hii ya kwanza bado haijaisha."

Akautoa mkono. Tundu ni dogo, halitoshi watu wawili, basi akabaki ameshika chupa, akinimiminia kila kitambaa kilipokauka. Hakusema pole tena. Nilishukuru.

"Gaceri," akasema hatimaye. "Kesho sasa tutafanya nini?"

"Kesho ni Jumamosi," nikamwambia. "Saa mbili uwe hapa. Uje na ile karatasi."